Vibendera Viwili Vyekundu

Sanduku la kadibodi lilikuwa limefungwa kwa uzi. Juu ya kifuniko ilichorwa ndege ya mashambulizi ya jeshi la majini, ya aina iliyobuniwa miaka michache baada ya vita kuu: panga boi puani, kiti kimoja, mabawa yanayokunjwa ili ienee tumboni mwa manowari ya kubebea ndege. Mjane alilikuta kabatini, chini ya sare za marehemu mumewe, ambaye aliirusha ndege ya namna hiyo. Akampelekea kaka yake mwenyewe, fundi mstaafu wa ndege hizo hizo, amuunganishie.

Kwa wiki tatu, kila alasiri, alikaa naye mezani akimshikia taa, huku fundi akikata vipande vya plastiki kutoka kwenye fremu, akivipiga msasa na kuvigandisha kwa gundi iliyonuka hadi barazani. Vidole vya fundi vilikuwa vizito kwa uzee. Mjane alimkejeli kwamba zamani alifunga injini nzima kabla chai haijapoa, na sasa gurudumu moja linamla siku mbili.

Maelekezo yalitoa njia mbili: mabawa yakunjwe au yakunjuliwe. Fundi alishauri yakunjwe, ndege isichukue nafasi. Mjane alikataa, alitaka kuiona kama ilivyokuwa ikiruka.

Ndege ya mumewe ilianguka baharini mara ilipoacha sitaha ya manowari, bawa la kushoto likijikunja hewani. Kwa kuwa fundi aliapa kwamba aliyakagua mabawa yote mawili, tume ya uchunguzi iliamua kwamba rubani, kwa haraka zake, aligusa mtambo wa kuyakunja baada ya ukaguzi. Mjane aliyabeba maneno hayo, haraka zake, kwa miaka thelathini na sita. Wiki ile ndiye aliyempelekea mumewe barua ya kumhimiza awahi kurudi nyumbani.

Siku gundi ya mwisho ilipokauka, mezani vilisalia vipande viwili vyekundu, kila kimoja kama punje ya mchele. Mjane alivisogeza kwa kidole.

"Hivi umevisahau, kaka."

Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba ni vya ziada. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Sijavisahau. Ni vibendera. Bawa lisipofungwa sawasawa kwa pini zake, kibendera husimama juu yake. Mtu wa sitahani hupita kila upande, akatazama, ndipo humwinulia rubani kidole gumba."

"Mtu wa sitahani ulikuwa wewe."

"Mimi."

"Cha kushoto kilisimama?"

"Sijui, mdogo wangu. Sikutazama."

Alimweleza yote polepole, kama asomaye ripoti. Upande wa kulia alikuwa ameukagua. Alipotokea upande wa kushoto, shemeji yake, ambaye utani haukumwisha hata msibani, alijikunja kwenye kiti cha rubani na kumwigiza bibi kizee atafutaye sindano sakafuni, maana hivyo ndivyo fundi alivyoinama akikagua. Fundi akacheka, akainua kidole gumba. Mbele ya tume aliogopa. Baadaye ule uongo ukawa kama deni la marehemu: kadiri ulivyokaa, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kuutaja.

Mjane alipitisha kidole juu ya bawa la kushoto.

"Kwa hiyo hakuwa na haraka."

"Hakuwa nayo. Alikuwa anacheka."

"Na kila Jumapili ukila kwangu, nikikusimulia ile barua, unaniomba chumvi."

Ilikuwa kweli, hata hilo la chumvi.

Mjane akamwambia abandike kibendera cha kushoto. Fundi alijaribu, kikamponyoka mara mbili. Mjane akachukua kibano, akakichovya kwenye gundi na kukisimamisha mwenyewe juu ya bawa, kimeinama kidogo. Hakungoja kikauke. Aliibeba ndege kwa mikono miwili, na kwa kuwa mikono yake ilijaa, ilimbidi amwombe kaka yake amfungulie mlango.

"Jumapili usije," alisema, akashuka ngazi kwa uangalifu, akitanguliza mguu mmoja kila kidato.

Fundi alirudi mezani. Taa ilikuwa ingali inawaka. Juu ya karatasi ya maelekezo kilibaki kibendera cha kulia, kile ambacho siku ile alikitazama vyema na kukiona kimelala.