Tani Kumi na Nne na Nusu

Jumatatu ya pili ya Februari 1955, saa nane mchana, Akoth alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimpepea mtoto wake kwa kifuniko cha sufuria, baridi ilipobisha mlango. Ilibisha mara mbili, kwa adabu. Akoth alidhani ni mama wa kuuza samaki, akasema karibu. Baridi ikaingia, ikasimama kidogo karibu na mtungi wa maji, halafu ikakaa kwenye kigoda cha mumewe.

Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, kuta za mawe, bati juu, dirisha moja. Kilikuwa kimoja kati ya vyumba ishirini na vinne vya landi, makazi ya wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, upande wa chini wa mji wa Nakuru. Dirisha lile halikuwa limefunguliwa tangu Krismasi, kwa sababu ziwa lilikuwa limekauka na upepo wa mchana ulileta vumbi la magadi mpaka ndani ya uji. Waliishi watu saba humo. Akoth, mumewe Dalmas na mtoto wao Adero walikuwa upande wa mlango. Nyuma ya pazia la gunia alikuwa Chepngeno na mumewe na watoto wao wawili.

Adero alikuwa na miezi mitano. Vipele vya joto vilimjaa shingoni na mgongoni, na kwa wiki tatu hakuwa amelala mchana hata kidogo. Alikuwa amepungua ratili moja. Muuguzi alisema akipungua nyingine, ataandikiwa kitanda cha hospitali.

"Hiyo baridi imetoka wapi?" Chepngeno aliuliza nyuma ya pazia.

"Kwa meneja. Inanuka nta ya sakafu yao."

"Basi iambie isogee huku pia, Mama Adero. Ama imekuja kwa Wajaluo peke yao?"

Baridi ikasogea na kigoda chake mpaka kwenye pazia. Baada ya dakika kumi Adero alifumba macho. Akoth akaweka kiganja kifuani pa mtoto kuhakikisha anapumua. Alikuwa anapumua, tena polepole, kama mtu mzima aliyeshiba. Akoth akajiziba mdomo kwa leso akacheka, mabega yakimtikisika.

Getini mambo yalikuwa sawa. Mgeni haingii landi bila kuandikwa, na askari Kemboi alikuwa ameandika: Jina, Baridi. Anatoka, Milimani kwa meneja. Kipande, hana. Sababu ya kuja, joto. Alikuwa amefikiria kuirudisha kwa kukosa kipande, kile cheti cha kutembea, lakini ilisimama karibu naye wakati wote huo wa kuandika, na koti lake la kazi lilikuwa la sufu.

Jioni Dalmas alieleza. Kiwandani kila kitu kiligawiwa kwa cheo: blanketi, sabuni, kuni, vyumba. Meneja alikuwa cheo cha kwanza. Alipochoka na vumbi la magadi aliamua kufunga madirisha yote na kununua mashine moja ya kupoza nyumba nzima, ambayo inapeleka baridi kila chumba kwa mabomba ya bati juu ya dari. Karani akafungua kitabu cha bei, akatafuta cheo cha kwanza, na kwa kuwa mashine hazina vyeo, akachagua kubwa kuliko zote. Tani tano za baridi, kama wauza mashine wanavyoipima. Hakuna aliyepima nyumba.

"Inavuma dakika sita, nyumba inapoa, inazimika," alisema Dalmas, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuitunza. "Haijamaliza kukausha unyevu, inawaka tena. Viatu vya meneja vimeota ukungu. Piano ya memsabu, mkewe, imevimba. Na nusu ya baridi haina pa kukaa, inashinda kwenye veranda tu. Mimi nikikaa pale kula, inaniangalia. Nikaiambia, nyumbani kwangu kuna joto."

"Ulifanya vizuri, Baba Adero."

"Nilijua itakuja siku moja. Sikujua itakuja upesi."

Ilikuja kila mchana. Wiki ya kwanza akina mama walipangiana zamu, na wiki ya pili hapakuwa na haja, kwa sababu baridi ilijifunza kujigawa. Ilikaa kidogo kidogo katika vyumba vyote ishirini na vinne. Vumbi lilibaki nje na joto lilibaki kwenye bati. Mama mmoja wa chumba cha mwisho alivaa sweta saa tisa mchana ili aonekane, akatembea nayo mpaka kwenye bomba la maji na kurudi. Vipele vya Adero vilikauka, vikapukutika kama unga. Kwenye mizani ya muuguzi alirudisha nusu ratili, na Akoth akamshukuru muuguzi, na mizani, na benchi la kusubiria.

Mwezi wa Machi barua ya wauza mashine ilifika kutoka Nairobi. Meneja alikuwa amelalamika, nao wakatuma karatasi ya kujazwa ili ipatikane saizi inayofaa. Karani alikuwa likizo. Dalmas akaleta karatasi nyumbani, kwa kuwa mkewe alikuwa amesoma ngumbaru miaka miwili na sasa alikuwa amefika kwenye sehemu na desimali.

Akoth aliisoma na kamusi magotini. Ilimpendeza sana. Ilisema kubwa si bora. Mashine kubwa mno huwaka na kuzimika na kuacha unyevu. Ndogo mno hukimbia mchana kutwa mpaka ife. Usitazame ukubwa wa sakafu peke yake, ilisema. Tazama madirisha na upande wa jua, tazama paa ni la nini, hesabu watu.

"Baba Adero, hii ni kama kupima nguo," alisema. "Unashonea mwili. Cheo hakishonewi."

Jumamosi alienda Milimani na futi ya fundi seremala, Adero mgongoni. Alipima sebule na vyumba vyote, akahesabu madirisha, akaandika paa ni la vigae. Memsabu aliinua miguu ili futi ipite. Jibu lilikuwa tani mbili na nusu. Akoth alirudia hesabu mara tatu, jibu likawa lile lile, na furaha ya kupata ikamchukua mpaka mlangoni pake. Hapo aliiona baridi kwenye kigoda, akakumbuka.

"Ukipeleka hiyo, itakwisha," alisema Dalmas. "Watatoa kubwa walete ndogo, na ndogo haitakuwa na ya kubaki. Andika tano."

"Si kweli."

"Na mtoto?"

Akoth aliweka penseli chini. Alimtazama Adero aliyekuwa amelala chali, mikono juu. Alisoma karatasi tena kuanzia juu mpaka akafika swali la tisa. Ni watu wangapi wanaotumia baridi hii? Akalisoma mara ya pili na kidole. Swali halikuuliza ni watu wangapi wa nyumba ya meneja. Liliuliza wanaotumia.

"Mama Kiptanui!" aliita. "Toka ushike mwisho wa futi!"

Chepngeno akatoka nyuma ya pazia na unga mikononi. Walipima landi yote kabla jua halijatua. Watoto walikimbia mbele wakipiga kelele za namba, na akina mama walisimama milangoni wakitangaza watu wao.

"Sisi ni saba!"

"Saba, na huyo aliye chini ya kitanda?"

"Huyo ni shemeji, anaondoka kesho."

"Anaondoka kesho tangu mwaka jana. Mwandike!"

"Na mzee wangu mwandike wawili," alisema mama wa sweta, "kwa vile anavyokoroma."

Walikuwa watu mia moja sitini na wanane, chini ya bati, dirisha moja kila chumba. Kila chumba kilitaka nusu tani. Zote kumi na mbili. Akajumlisha na nyumba ya meneja, akafuta jibu la kwanza kwa kifutio, akaandika: tani kumi na nne na nusu. Mashine iliyopo haikuwa kubwa. Ilikuwa ndogo mno. Aliandika hayo kwa mwandiko wake bora, na usiku ule hakuna aliyesema neno baya katika chumba chao.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Injinia aliandika kwamba amekagua hesabu mstari kwa mstari na hakupata kosa, na kwamba hajawahi kupokea karatasi iliyojazwa vizuri hivyo. Lakini kiwanda kimemjulisha kuwa watu wa landi ni wa cheo cha sita, na cheo cha sita hakina haki ya baridi. Mashine ya tani mbili na nusu iko njiani.

Kubwa iling'olewa Alhamisi saa tisa mchana, ikapakiwa kwenye treni. Saa hiyo baridi yake ilikuwa landi kama kawaida. Watu wa meneja walipokuja kuiulizia, Kemboi alifungua kitabu cha wageni. Iliingia saa nane, akaonyesha kwa kidole, na hakuna mahali pameandikwa imetoka. Kitabu kilikuwa kitabu. Baridi ikabaki.

Landi iliimba mpaka saa ya kuzima taa. Adero alirudisha ratili nzima na kuongeza.

Meneja alikuja mwenyewe kutazama. Alisimama katikati ya chumba cha Akoth, akavua kofia, akavuta hewa.

"Hapa muzuri sana," alisema. "Kama kwangu."

"Asante, bwana," alisema Akoth.

Jumatatu tangazo lilibandikwa getini. Kwa kuwa vyumba vya landi sasa havina joto, kila chumba kitaongezewa watu wawili.

Wa kwao walifika saa nane mchana, vijana kutoka Subukia, na sanduku moja. Baridi iliinuka kwenye kigoda, ikawapisha. Chepngeno alisogeza pazia lake mkono mmoja nyuma, Dalmas akasogeza kitanda. Akoth akawapa wageni maji ya kunywa, kisha akafungua daftari, akakata saba, akaandika tisa.

"Shika mwisho, Mama Kiptanui."

"Tupime tena? Si chumba ni kile kile?"

"Chumba ni kile kile," alisema Akoth, akilamba ncha ya penseli. "Jibu ndilo limekua."

Adero alikuwa amelala. Baridi ilikuwa imesimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, ikingoja kuambiwa ni tani ngapi.