Ijumaa Shekhe Aliposhusha Sauti

Nyumba yetu ya Ngamiani imepakana na msikiti, na spika moja imeelekea jikoni kwangu. Hotuba za Shekhe Masoud nilizisikia zote, nikikuna nazi, nikipepeta mchele, nikipunguza moto. Wanaume walikuwa na uso wake wa kutazama, na ndevu zake, na kanzu yake iliyonyooshwa pasi. Mie nilikuwa na sauti tu, na sauti ukiizoea inakuambia mengi.

Alikuwa na sauti kubwa. Akipanda mimbari, kuku wa jirani walikimbilia uvunguni.

"Waarabu waliwauza babu zetu pale Pangani. Wazungu wakawatia namba kwenye mikonge. Leo pwani yetu imezungushiwa waya, na sisi tukipita tunaulizwa tunatafuta nini. Nani alituuliza sisi kabla hajachukua?"

Mwanangu Nasri ni katibu wa kamati ya msikiti. Mke wake, Khadija, ni binti wa Idarusi, Mshihiri anayeuza kahawa kwenye baraza linalotazamana na mlango wetu. Babu zake walitoka Hadhramauti na mkeka na njaa, basi. Kila Ijumaa Nasri alirudi amekunja uso.

"Mama, huyu anamtukana mkwe wangu mbele za watu. Naipelekea kamati, aondolewe."

"Kamtaja Idarusi?"

"Kwani Idarusi si Mwarabu?"

"Kawataja waliouza watu. Idarusi kauza nini zaidi ya kahawa? Shamba la baba yake Shekhe lilichukuliwa, minazi ikakatwa, ikajengwa hoteli. Mwache aseme aliyotendewa. Wewe mtazame akishuka mimbari, anakwenda wapi."

Alikwenda kwa Idarusi. Pale barazani vikombe ni vichache na ni vya wote. Mmoja akimaliza, kikombe kinachovywa kwenye bakuli la maji, kinajazwa, anapewa mwenzake. Asiyetaka mdomo wa mwenzake akanywe kwake.

"Leo umetuchinja sote, Shekhe," Idarusi alimwambia, dele la kahawa mkononi. "Nikuzidishie tangawizi, koo limekauka?"

"Zidisha. Nikipata nguvu nikuchinje tena Ijumaa ijayo."

Wakacheka mpaka Idarusi akafutia machozi kilemba. Na Khadija alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Shekhe huyohuyo ndiye aliyetafuna tende siku ya akika, akaichukua kwa ncha ya kidole, akampaka mtoto kwenye kaakaa. Mate yake yaliingia kinywani mwa mjukuu wa Mshihiri, naye akatabasamu. Nasri aliyaona hayo, shauri la kamati akaliacha.

Mwaka huu, mfungo ulipokwisha, Shekhe alianza kupata wageni. Walikuja na gari jeupe lenye vioo vyeusi, wakapita mlangoni kwangu bila hodi wala salamu, wakaondoka vilevile. Baada ya kuja kwao mara ya pili, Shekhe alifika barazani, akatia mkono mfukoni, akatoa kikombe chake mwenyewe.

"Vyangu vimekuwa vidogo?" Idarusi alimtania.

"Kinywa kina vidonda. Sitaki niwaambukize."

Idarusi alimwamini. Jioni akamtumia asali kwenye kichupa. Lakini mie nilikuwa mlangoni nachambua mchicha, nikamwona Shekhe anakunywa kahawa ile ya tangawizi, ya moto, bila kukunja hata kope. Mwenye vidonda hanywi vile.

Ijumaa iliyofuata alipanda mimbari, nikangoja kuku wakimbie. Hawakukimbia. Alizungumza taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale, hata nikaacha kukuna nazi nipate kumsikia. Hakusema habari ya kuuzwa watu. Hakusema habari ya waya wala minazi. Alisema damu haifi. Alisema chakula kikioza huoza kwanza upande mmoja, na mwenye nyumba mwangalifu hutenga. Akasema, "Jioni mkifika majumbani, watazameni vizuri mnaolala nao. Watazameni watoto, wanafanana na nani."

Mikono yangu ilikuwa imejaa nazi, nikakaa nayo hivyo hivyo.

Watu walitoka wamefurahi. "Leo Shekhe kapoa," walisema. Nasri aliingia amekunjua uso, kwa mara ya kwanza.

"Umesikia, Mama? Leo hata hakuwataja Waarabu."

"Hakuwataja. Kawaonyesha kidole."

"Wee Mama. Alipokuwa akipiga kelele ulinizuia. Leo katulia, ndiyo unaogopa?"

"Alipokuwa akipiga kelele alikuwa anadai. Mtu anayedai anaweza kulipwa, akanyamaza. Leo hakudai kitu. Khadija atampa nini, mwanangu? Atavua ngozi ampe?"

Nasri alikwenda kunawa mikono. Kamati ilikuwa inakutana Jumatatu kuamua kama Shekhe akabidhiwe pia chuo cha Kurani cha watoto, awafundishe kila siku. Wengi walikuwa upande wake, na Nasri sasa alitaka kuwafuata. Nilimwomba jambo moja tu: kwamba Jumapili, siku ya akika ya binti yao mchanga, amwite Shekhe atafune tende kama mwanzo.

Alikuja. Alisoma dua nzuri, yenye mpango. Idarusi alikuwa ameketi karibu yake, amevaa koti lake la sikukuu. Khadija akamleta mtoto amemfunga kwa kanga mpya, akapiga magoti. Nikamsogezea Shekhe kisahani chenye tende.

Aliichukua, akaigeuza vidoleni, akairudisha kisahanini.

"Atafune babu yake," alisema kwa upole. "Wanajuana."

Kisha akapangusa vidole kwenye leso, kimoja kimoja.

Idarusi hakutania. Aliitafuna tende ile muda mrefu, kama imekuwa ngumu, akampaka mjukuu wake. Khadija alimtazama mumewe, hakutazama mtu mwingine.

Jumatatu Nasri alisimama mbele ya kamati, akasema asikabidhiwe. Wakamuuliza sababu. Akaeleza kikombe, akaeleza tende. Mmoja akacheka. "Katibu, tumnyime mtu chuo kwa sababu ya tende? Alipokuwa akitukana mchana kweupe hukutuletea shauri."

Shekhe akapewa watoto.

Asubuhi yake Idarusi aliwasha jiko kama kawaida, akapanga vikombe, akatia maji kwenye bakuli. Wanaume wakaja. Wa kwanza akatia mkono mfukoni, akatoa kikombe cha bati. Wa pili akatoa cha kwake. Wa tatu alikuwa nacho kwenye mfuko wa plastiki, ameficha kidogo, kama anaona haya. Idarusi aliwamiminia wote. Vikombe vyake vilibaki vikavu.

Baraza la kahawa si mahali pa mwanamke kukaa. Nilivaa kanga yangu, nikavuka njia, nikaketi katikati yao.

"Shikamoo, Bi Sabra," mmoja alisema, bila kuinua macho.

"Marahaba. Idarusi, nipe. Cha hapo hapo."

Alikichovya kikombe kwenye bakuli, akakijaza. Kahawa ikamwagika kidogo kwenye kidole changu. Nilikunywa mpaka mashapo ya chini, nikakirudisha, nikamwambia ampe anayefuata.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wala hawakuwa wananitazama mie. Walikuwa wanatazama ng'ambo, mlangoni kwetu, ambako Khadija alikuwa amesimama na mtoto begani. Walimtazama yule mtoto vizuri, taratibu, kama walivyofundishwa.