Mashuka Nyuma ya Kizimba cha Njiwa

Mtoto wa Wisal alikuwa na siku tatu tu duniani, na tayari alishachoka kunyonya. Akipewa ziwa hulilamba kidogo, kisha anasinzia. Hajja Nafusa, mama mkwe, alisema watoto wa kiume ndivyo walivyo, wavivu tangu tumboni, akaendelea kuchagua karanga za sherehe ya siku ya saba. Lakini nyayo za mtoto zilipopoa hata yeye alivaa buibui lake, wakapanda gari kwenda hospitali ya mjini Sohag.

Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, alimgeuzageuza mtoto. "Homa hana. Chupa ya uzazi ilipasuka lini, mama?"

"Asubuhi ileile aliyojifungua," Hajja Nafusa alidakia. "Kazaa upesi kama paka, mashallah!"

"Basi pengine ni baridi tu. Mfunikeni vizuri, mkamwangalie nyumbani."

Wisal alijua sivyo. Maji yalianza kumtoka siku mbili kabla ya uchungu, nyumba nzima ikiimba katika sherehe ya hina ya wifi yake. Alidhani amejikojolea. Mke wa mtu, mtu mzima, anajikojolea ukweni! Mumewe yuko Kuwait, mama yake alishazikwa, angemwambia nani? Akafua mashuka kimyakimya, akayaanika juu ya paa nyuma ya kizimba cha njiwa. Homa ilipompanda akasema ni uchovu. Katika nyumba ile iliyojaa watu alikuwa peke yake kabisa, na alishazoea kunyamaza.

Daktari alishashika kitasa cha mlango.

"Si asubuhi ile," Wisal alisema. "Ni siku mbili kabla. Nilidhani ni mkojo. Na homa nilikuwa nayo."

Daktari aligeuka, usingizi wote umemruka. "Afadhali umesema leo. Maji yakitoka mapema hivyo, vijidudu humfikia mtoto." Akamnyakua mtoto, akamwita muuguzi alete sindano za kuua vijidudu. Mlango ukafungwa.

Wakabaki wawili kwenye benchi. Wisal alisubiri matusi.

"Yale mashuka," Hajja Nafusa alisema mwishowe, macho sakafuni, "niliyaona nilipopanda kulisha njiwa. Nikajua umejikojolea. Nikanyamaza, binti yangu, nisikuaibishe."

Ndani, mtoto alichomwa sindano, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana. Wote wawili wakasimama.