Lifti ya Saa Kumi

Marehemu Narendra alikuwa anarudi nyumbani kila siku saa kumi jioni, na usinicheke, mtaa mzima wa Mchafukoge ulikuwa unajua. Lifti inapanda tupu mpaka ghorofa ya nne, mlango wa nyumba yake unajifungua wenyewe, taa ya sebuleni inawaka. Mjane wake, Bi Indumati, anamimina chai vikombe viwili.

Mwanawe Dhaval ndiye aliyeandika programu inayoendesha lifti, taa na milango ya jengo lile. Alipochoka kusemwa na majirani, akamwita Shamsa, fundi wa kompyuta wa Kariakoo.

“Shikamoo mama,” Shamsa akamwamkia Bi Indumati mlangoni.

“Marahaba. Mwanangu, usimzuie asije. Ni yeye tu anayekuja kuniona.”

Jamani, Shamsa roho ilimuuma. Akakaa ngazini nje ya mlango na laptop, akafungua orodha ya wakazi ambayo programu huipitia kila siku saa kumi: aliyepo inamfungulia na kumwashia taa, asiyekuwepo inamfungia na kumzimia. Penye swali la kama mkazi yupo, Dhaval alijibu alivyojisikia: huku kweli, kule ndiyo, pengine 1. Baba yake alipofariki, kwake aliandika hapana. Kumbe programu haisomi neno lenyewe. Ikikuta pameandikwa chochote, inahesabu mtu yupo. Miezi minane ilikuwa inamfungulia marehemu mlango!

“Mtu mzima unaandika ovyo hivi?” akamkaripia. Dhaval akajichekesha.

Shamsa akaandika kijisehemu kimoja cha programu cha kupokea majibu yote na kuyageuza kuwa kweli au si kweli, basi. Neno lisiloeleweka likataliwe. Akakiwasha saa kumi kasoro dakika mbili.

Saa kumi ikafika. Lifti haikusogea. Shamsa akajikuta anatamani ipande tu.

Ndipo mlango wa Bi Indumati ukajifunga, klik! Taa ya ndani ikazimika. Kitasa kikatikiswa kutoka ndani, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Mbona umemfungia mama?” Dhaval akafoka.

Shamsa akarudi kwenye orodha. Chini ya Narendra palikuwa na Indumati. Yupo: hapana. Yote mawili yaliandikwa siku moja, na Dhaval mwenyewe.

“Kaka, hii nini?”

Dhaval akajikuna shingo. “Nilijua hatakaa sana bila mzee. Nikaona nimalize kazi mara moja.”

Kitasa kikaacha kutikisika.

“Dhaval,” sauti ya mama yake ikatoka nyuma ya mlango, taratibu, “mimi nimekufa lini?”