Nusu Siku ya Sanatu

Tangu jana magharibi Sanatu hajatia kitu mdomoni, hata tone la maji. Sasa saa tatu asubuhi, wodi yote inamzunguka kichwani. Saa sita anaingia kupasuliwa, atolewe mawe kwenye nyongo yaliyomtesa miezi minane.

Nesi Wunpini akamtoboa kidole, akasoma kile kimashine, akaguna. "Mama, sukari imeshuka. Jana si nilikwambia maji ruksa mpaka saa nne hii ya asubuhi?"

"Nimefunga Ramadhani hamsini na tatu, mwanangu. Leo unifundishe wewe?"

"Kwani hii Ramadhani? Mwili ukikaa sana bila kitu unaanza kujila wenyewe, mpaka nyama. Halafu kidonda hakiponi upesi." Akamimina sukari kwenye kikombe cha maji. "Kunywa. Isipopanda, daktari wa usingizi anakurudisha nyumbani mpaka mwezi ujao."

Mwezi ujao, na maumivu yale? Lakini kufungua mchana kweupe, mtu mzima kama yeye, katika mji wa Tamale? Sanatu akageukia ukutani.

Nyuma yake kijiko kikawa kinagonga kikombe. Ting, ting, ting.

Ah, sauti hiyo. Ana tena miaka saba, funga yake ya kwanza, jua la mchana linachoma uani, kaka zake wanamcheka: "Huyo anazimia huyo, mleteeni kitanda." Mama yake, aliyekuwa akisokota pamba, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiko, akakoroga sukari kwenye kikombe cha bati.

"Kunywa, usiwajali."

"Funga yangu je?"

"Leo umefunga nusu. Kesho utafunga nusu nyingine, nami nitaziunga kwa uzi huu, kama wanavyounga vipande vya joho. Itakuwa siku nzima."

Na Sanatu aliamini, wallahi. Aliamini mpaka anaolewa, kwamba mahali fulani mama yake kaitunza ile siku yenye mshono katikati. Mama alizikwa miaka thelathini iliyopita, na utamu ule bado uko ulimini.

Akageuka. Akakichukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa taratibu mpaka sukari ya chini.

Robo saa baadaye Wunpini akamtoboa tena, akatabasamu. "Imepanda. Unaingia leo."

"Haya," Sanatu akasema, akijifuta midomo. "Waambie washone vizuri. Mimi nimezoea mshono wa mama yangu."