Pazia la Mkwe Ziwani

Mume wangu Ngassa alipopata likizo kwenye kinu cha pamba Shinyanga, alitangaza kwamba mwaka ule hatuendi kumlimia mtu. Tutakodi mtumbwi Nungwe, tuzunguke ghuba ya ziwa siku kadhaa, tuvue, tuoge, tupande majabali, tule samaki wa kuchoma visiwani. Wenzake kinuni walimcheka. Mimi nilimpenda upya.

Shida ilikuwa mama yangu, Mbuke. Tangu baba afariki aliishi nasi katika vyumba vyetu viwili, na kwa Wasukuma wa rika lake mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Ngassa akawa anakohoa mlangoni kwake mwenyewe, anangoja mama ajifiche, na chakula anakula kwa jirani. Mama aliona aibu. Akasema likizo ikiisha atarudi kijijini kwake Bugarama, kwenye nyumba iliyobaki na popo tu, ili mkwe wake apate kuingia kwake. Nililia mbele ya sufuria. Huyu mama, huyu mume, nimwache nani?

Nikasema basi likizoni twende naye. Ngassa hakubisha. Alisimika fito mbili katikati ya mtumbwi, akafunga kanga: mbele mama, nyuma yeye na Theonest, mwenye mtumbwi. Mimi nilikaa ubavuni mwa pazia, nikawa posta.

"Mwangaluka, mayu," Ngassa aliiamkia kanga kila asubuhi kwa Kisukuma, mayu ndiyo mama.

"Mwangaluka," kanga ikaitika.

Tulivua. Mama alitoa sato wa kushiba watu, Ngassa akatoa majani. "Mwambie Baba Maige asivute kama anafunga ng'ombe," mama alisema, akimwita mkwe wake kwa jina la mwanetu tuliyemwacha kwa jirani, na mimi nikafikisha, ingawa kila mtu alikwisha kusikia. Kuoga tulioga kwa zamu. Kisiwani mama alipanda majabali kwa mashariki, Ngassa kwa magharibi, na kwa kuwa hawakuambizana, wakafika kileleni pamoja. Kila mmoja aligeuka asimwone mwenzake, akateremka kwa makalio. Ngassa alirudi na suruali iliyopasuka, na siku hiyo hata mimi nilishukuru pazia lipo.

Siku ya mwisho, tukiwa katikati ya maji, upepo wa mchana ulituvamia kwa nyuma. Kanga ikajaa, mtumbwi ukachomoka, moja kwa moja kuelekea miamba. Theonest alikandamiza kasia mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Shusheni hilo tanga," alisema.

"Si tanga," Ngassa akamjibu. "Ni heshima."

"Basi heshima itatuzamisha. Na mimi pazia la mkwe wa mtu siligusi."

Mimi sijui kuogelea. Nilianza sala zote nilizofundishwa na nyingine nikazitunga.

"Bernadina," Ngassa aliniita, "mwambie mayu afumbe macho, nifungue."

"Mwambie nimefumba tangu tutoke Nungwe. Afumbe yeye, mimi ndiye nifungue."

Wakafumba wote wawili, wakapapasa fundo moja, huyu kwa huku, yule kwa kule. Mikono yao ikakutana. Wakashtuka, wakafumbua. Fundo likaachia, kanga ikaruka ikatua majini, na mtumbwi ukatulia hatua chache kutoka kwenye jiwe.

Hapo wakabaki wanatazamana. Miaka minane ya ukwe, na hakuna aliyejua sura ya mwenzake. Theonest aliangalia mbinguni kwa adabu. Mimi niliogopa kuliko kwenye upepo, maana nilijua mama akiona amevunjiwa heshima, kesho atakuwa Bugarama na popo wake.

Mama alimkagua Ngassa kutoka utosini hadi kwenye suruali.

"Baba Maige, umekonda," alisema. "Mwanangu hakupikii?"

"Ananipikia, mayu. Ila nakula kwa jirani, na jirani naye ana watoto saba."

Mama akachukua kipande kikubwa cha sato wa kuchoma kwenye kapu lake, akampa mkononi, pasipo kunipitishia mimi.

"Kula nikuone," alisema. "Na mbuzi wa faini ya kutazamana utamleta tukifika nyumbani."

Nikadakia: "Nyumbani wapi, mayu?"

"Shinyanga," akasema mama, akimwangalia Ngassa akitafuna. "Nani mwingine atamnenepesha huyu?"