Njia ya Kwenda Kajaga

Alhamisi, saa nne tu asubuhi, Daphrose alikuwa ameshachoka. Ndiye fundi pekee aliyebaki katika kampuni ndogo ya intaneti pale Rohero, na tangu Jumatatu Bonfils, mteja wao mwenye cyber kule Kamenge, alikuwa akimpigia kuhusu tovuti moja isiyofunguka. Kila mara alimjibu vilevile: "Ni wao. Tovuti yao imekufa."

Siku hiyo mteja wa Bonfils aliingia ofisini mwenyewe, viatu vimejaa vumbi.

"Mi naitwa Léocadie, natoka Uvira, ngambo ya mpaka," alisema. "Ile site ya majina ya watu waliopotezana, Bonfils anasema nyiye munasema imekufa."

"Ndiyo, mama. Shida iko kwao."

"Apana. Jana kwa telefone ya jirani ilifunguka. Akaenda nayo kazi mbele nisome, sikuona hata jina. Kwenu tu ndiyo inakataa."

Daphrose aligeukia kompyuta yake. Alivuta kiti, akafanya jambo alilopaswa kulifanya Jumatatu: aliiagiza kompyuta ifuatilie njia ya kuelekea tovuti hiyo, kituo baada ya kituo. Njia ilitakiwa kutoka nje ya nchi. Haikutoka hata mjini. Ilianza kwenye mtambo wao, ikaenda kwenye mtambo wa hoteli moja ya Kajaga, ikarudi, ikaenda tena, ikarudi, mara thelathini, mpaka kompyuta ikaacha kuhesabu.

Hoteli hiyo aliiunganisha yeye mwenyewe Jumapili, wiki ya tatu bila siku ya kupumzika. Alifungua orodha ya njia. Mahali pa kuandika 24 alikuwa ameandika 16, na kwenye orodha hiyo namba ikipungua, anwani huongezeka. Badala ya kuipa hoteli anwani zake chache, aliipa maelfu ya anwani za watu wengine, na tovuti ile ilikuwa humo.

Alifuta, akaandika upya. Ukurasa ukafunguka.

"Kosa ni langu, mama. Si lao."

Léocadie alikuwa ameshainamia skrini. Kidole chake kilishuka, kikasimama kwenye jina la mdogo wake, Trésor. Yuko kituo cha mapokezi ya wakimbizi, iliandikwa; atahamishiwa kambini Jumatano.

"Jumatano ni jana," alisema polepole.

Daphrose alipiga namba iliyokuwa pale. Mwanamume mmoja alisema basi limeshaondoka, hajui kambi gani, wapige tena mchana. Hawakula. Saa saba wakapewa namba nyingine. Walipiga mara tatu bila mtu kupokea. Mara ya nne sauti ikasema wasubiri, Trésor anaitwa.

"Ni mi," Léocadie alisema kwenye simu. "Ni mi, Trésor." Kisha akamwuliza yuko kambi gani.

Daphrose alitoka nje ya chumba hadi kwenye korido, akaegemea ukuta. Jumapili ile alikuwa ameandika njia nyingine saba, na hakuwa ameangalia hata moja kama iko sahihi.